Anatwanga Kama Wengine

Gerezani, Dar es Salaam
14 Januari 2024

Mjomba wangu Egidi,

Shikamoo Mjomba, na tumsifu Yesu Kristo. Najua utaanza kwa kunung'unika kwamba kijana ana simu mbili na bado anakuandikia barua. Sababu ipo, nitaitaja. Kwanza salamu. Mke wangu Stela hajambo. Mtoto ameota meno mawili na anatuuma sote bila ubaguzi. Joto la huku limezidi, tunalala sakafuni. Tumesikia mvua imenyesha vizuri Ulyankulu na tumeshukuru, ingawa Stela alichouliza ni kama nyuki nao wameshukuru, maana asali uliyotuma Krismasi haikuuona Mwaka Mpya. Magoti yako vipi? Na Mama? Nilipompigia juzi alisema "tuko salama" mara nyingi mno hadi nikapata wasiwasi.

Sikupiga simu kwa sababu simu yako huongea kwa sauti ya kipaza, na Mama yuko uani kwako kila Jumapili. Jambo hili nataka ulisikie wewe kwanza.

Kondakta wa basi la Tabora atakufikishia boksi. Ndani yake kuna ile mashine yangu ya jikoni ya kutwanga kisamvu. Unatia majani mabichi kwenye kinu chake kidogo cha chuma, unafunika, unawasha. Si blenda. Blenda inakata majani, na kisamvu cha kukatwa kinatoa povu na kubaki na nyuzi. Unakijua, ulikionja kwangu mwaka juzi ukaomba chai.

Tangu mwaka juzi huohuo nimeiombea hataza, yaani haki ya serikali inayosema wazo hili ni la fulani na mwingine asilitengeneze bila ruhusa yake. Nisipoipata, fundi yeyote wa hapa mtaani Gerezani anaweza kuiiga kesho, na yupo mfanyabiashara ambaye amekwisha kuja mara kadhaa kuizungukazunguka. Ombi linasomwa na mkaguzi. Huyo anauliza mawili: Je, kitu ni kipya? Na hata kama ni kipya, je, fundi wa kawaida asingekifikia mwenyewe bila kuumiza kichwa? La kwanza amenikubalia. La pili amelikataa. Ameleta mashine mbili za nje za zamani, moja ya kuponda dawa yenye mchi unaopanda na kushuka, nyingine ya kukanda unga yenye bakuli linalozunguka. Anasema fundi yeyote angeziunganisha.

Hizo ningebishana nazo. Kilichonimaliza ni sentensi yangu mwenyewe. Katika maelezo ya ombi niliandika: "Mashine hii inatwanga kama wanawake wote wa kwetu wanavyotwanga, kwa kuzungusha kinu kidogo kila mchi unapopanda." Mkaguzi ameishika hapohapo. Kama wanawake wote wanafanya hivyo, Fideli amevumbua nini?

Tuna muda hadi mwisho wa Julai kujibu. Wakala wangu, Bwana Twalibu, anasema tupate hati ya kiapo ya mtu mzima wa huko, aeleze wanawake wanatwangaje hasa. Wewe ni katekista, neno lako lina uzito. Kwa hiyo nauliza, ingawa nadhani wewe na mimi tunajua jibu: ni kweli wanawake wote wanatwanga hivyo?

Mpwa wako,
Fideli


Ulyankulu
25 Februari 2024

Fideli mwanangu,

Marahaba, na milele amina. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai cha kondakta. Nashukuru.

Huku tu wazima. Mahindi yamesimama vizuri, ila nguruwe pori wamegundua shamba la jirani yangu Wilbroad na sasa analala huko na debe lake analipiga hadi asubuhi, kwa hiyo hatulali sisi wala nguruwe. Nilikwenda Sikonge kuona mizinga ya rafiki yangu. Wenzetu wanapata asali hadi wanasahau kuifunika. Tumbaku imekwisha kuchomwa mabanini, vile vibanda vya kuikaushia. Parokiani tumepata paroko mpya, kijana, anahubiri haraka kama ana basi la kuwahi. Magoti yangu ni yaleyale.

Mama yako hajambo. Jumapili alileta kisamvu kama kawaida yake. Tangu mke wangu Koleta afariki, sijawahi kula Jumapili bila bakuli la dada yangu. Hilo unalijua.

Boksi nalo limefika. Nimelifungua, nimeitazama mashine, nimeifunga, nimeiweka chini ya kitanda. Ni kazi nzuri. Umeme wetu unakuja na kuondoka, sijaijaribu.

Kuhusu habari ya mkaguzi, mimi si mtu wa serikali. Uliandika ulichoandika. Kama kimekataliwa, shukuru Mungu una mikono na ofisi ya kufanyia kazi, utengeneze kitu kingine. Watu wanahitaji mashine za kukamua alizeti.

Msalimie Stela. Mtoto mpakeni asali kwenye ufizi, kidogo tu.

Mjomba wako,
Egidi


Gerezani, Dar es Salaam
10 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini nguruwe wa Wilbroad wamehamia kwa mtu mwingine. Huku mtoto alishikwa na homa, tukakesha naye, sasa anacheza. Asali kwenye ufizi tumejaribu, na imekuwa kosa, maana sasa kila kidole anachopewa anakinyonya kwanza ndipo akiume. Stela anakusalimu sana na anakupa pole ya Mama Koleta, kwa sababu sasa unakaribia mwaka.

Mjomba, hukunijibu. Umeniandikia ukurasa mzima, tena kwa mwandiko mzuri, na swali langu umelipita kama mtu anavyompita anayemdai.

Basi acha nilijibu mimi, uniambie kama nimekosea. Wanawake wa kwetu wanasimika kinu uani na wanatwanga wamesimama, kwa mikono miwili, wawili wawili wakipokezana. Kinu hakisogei. Kikisogea wanacheka na kukisimika tena. Mama hafanyi hivyo. Mama anakaa kwenye kigoda jikoni. Kinu chake ni kifupi, kimekaa juu ya gunia lililoloweshwa, na anakibana kwa nyayo zake. Mchi umening'inizwa kwa kamba kwenye boriti inayoinama na kurudi, kwa hiyo unapanda wenyewe. Anauvuta chini kwa mkono wa kushoto. Mchi ukipanda unasugua ukuta wa kinu, na hapohapo nyayo zake zinakizungusha kinu kidogo, ili pigo linalofuata likute majani ambayo hayajapondwa. Ndiyo maana kisamvu chake kinalainika bila kukatika. Mashine yangu yote ni hiyo, Mjomba. Kinu kinazunguka mchi ukiwa juu, na juu tu. Mashine mbili alizoleta mkaguzi hazifanyi hivyo, hata ukizifunga pamoja kwa kamba.

Utaniuliza, kama nilijua hivyo, kwa nini niliandika "kama wanawake wote"? Nimejiuliza sana. Nadhani niliandika kama mtu anavyoitikia salamu. Nyumbani kwetu, tangu nikiwa mdogo, mtu akiuliza habari ya Mama jikoni, jibu lilikuwa moja: anatwanga kama wengine. Baba alilisema, wewe ulilisema, nami nikalisema. Hata kalamu ililisema.

Mkaguzi hakunionea. Alisoma nilichoandika akakiamini. Naomba uape ukweli, tena mfupi tu. Twalibu ataandika, wewe utaweka sahihi mbele ya hakimu.

Mpwa wako,
Fideli


Ulyankulu
21 Aprili 2024

Fideli,

Amani iwe kwako. Tu wazima. Mvua inaendelea.

Umesema nakupita kama mtu anavyompita anayemdai. Sawa. Leo nasimama.

Mwaka themanini na tano mama yako alikuwa msichana, na mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano niliyekaa kwenye kiti cha baba, kwa sababu baba na mama walibaki njiani mwaka sabini na mbili tulipokuwa tunakimbia kuja huku kama wakimbizi. Mkono wake wa kulia nao uliharibika katika njia hiyohiyo. Namna gani, hilo siliandiki, na usiniulize tena.

Wakaja wakwe kutoka upande wa barabara ya nne, na Anakleti baba yako katikati yao ametazama chini. Unajua kwetu ilivyo. Kabla msichana hajatoka, wa upande wake anasimama mbele ya wote na kumsemea kazi zake, na neno la anayeoza halirudishwi nyuma. Bibi yako mzaa baba aliuangalia ule mkono chini ya kitenge, akauliza, kwa adabu lakini aliuliza, "Huyu anatwanga?"

Nikasema, "Anatwanga kama wengine."

Halafu bibi yako akasema "Haya," na pombe ikamiminwa. Hiyo ndiyo ndoa iliyokuzaa wewe.

Sikudanganya. Walichotaka kujua ni kama watakula, na walikula, tena kuliko majirani. Lakini tangu siku ile dada yangu anatwanga ndani, mlango umefungwa, ili neno langu libaki zima. Hajawahi kulalamika hata siku moja.

Sasa wewe unataka nisimame tena, nishike Biblia, niseme hatwangi kama wengine. Kwenye karatasi ya serikali ambayo mtu yeyote anaweza kuiomba akaisoma. Wifi zake wawili bado wako hai, na tunakaa nao kanisani benchi moja.

Sitafanya hivyo. Mashine iko chini ya kitanda. Ukitaka nitairudisha.

Egidi


Gerezani, Dar es Salaam
19 Mei 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Stela ameisoma pia, nisamehe, hatufichani. Alilia kwa ajili ya Mama, halafu akasema kama wewe ungekuwa mjomba wake angekupikia kwa shukrani.

Sikujua habari ya siku ile. Nakuheshimu kwa neno ulilolisema. Bila neno hilo nisingekuwapo wa kukusumbua.

Uliwahi kuniuliza nilipokuwa mdogo mbona nalala nikisikia kelele. Nataka nikuambie nilivyoujua mchi wa Mama. Mlango ulifungwa, kweli, lakini mimi nilikuwa ndani. Nilikuwa mgongoni. Alinifunga kitenge akakaa kwenye kigoda, na kila alipovuta kamba mgongo wake ulishuka, na mchi ulipopanda ulitulia kidogo, na katika utulivu ule miguu yake ilizungusha kinu. Niliujua mwendo ule kwa kifua changu kabla sijaujua kwa macho. Nilipokuwa natengeneza mashine nilijaribu kukizungusha kinu muda wote, nikajaribu kutokizungusha kabisa, kisamvu kikawa kibaya. Siku moja nikafumba macho, nikakumbuka pale panapotulia. Sikuvumbua kitu, Mjomba. Nilikumbuka.

Kuna jingine, na hili limeniumiza. Twalibu aliniuliza kama kuna mtu wa nje aliyewahi kumwona Mama akitwanga. Sheria inasema, kama alitwanga uani watu wakipita, basi jambo lilikuwa la wote kabla ya ombi langu, na hataza hakuna. Nikamwambia hakuna aliyemwona. Mlango ulifungwa miaka yote. Twalibu akafurahi, Mjomba. Alipiga meza kwa furaha akasema tumepona. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya karakana na kulia kama mtoto. Kitu kilichomfungia mama yangu jikoni ndicho kinachoniokoa.

Mama hajui kwamba mashine ni yeye. Nilimwambia ni mambo ya vitabuni. Nilitaka nimpelekee siku imepata cheti.

Sitakulazimisha. Ukisema tuache, tutaacha, na yule mfanyabiashara achukue. Lakini sema wewe mwenyewe. Usininyamazie.

Wako,
Fideli


Ulyankulu
22 Julai 2024

Fideli mwanangu,

Marahaba kwa salamu zako zote za nyuma ambazo sikuziitikia. Nilinyamaza miezi miwili. Kila jioni nilikaa na karatasi, nikaandika "Fideli", nikazima taa.

Habari za nyumbani nitazifupisha. Magoti yananiuma kwa baridi hii ya kiangazi, Wilbroad amepata mjukuu, paroko amejifunza kuhubiri taratibu. Sasa sikiliza.

Jumapili ya tarehe saba baada ya Misa, dada yangu Dafrosa alibaki kwenye kikao cha jumuiya. Nikajua nina nafasi. Nilitaka kuona tu, kabla sijakuandikia kwamba tuache. Nikachuma majani nyuma ya nyumba, nikaitoa mashine chini ya kitanda, nikaweka mezani, nikawasha.

Nilikuwa sijawahi kuisikia. Ilipiga, ikakwaruza ikipanda, ikatulia. Ikapiga, ikakwaruza, ikatulia. Nilikaa kitandani bila kupenda. Miaka thelathini na tisa nimesikia sauti ile kupitia mlango uliofungwa, nikipita zangu na kukohoa ili ajue nimepita. Sasa ilikuwa chumbani kwangu.

Sikusikia hatua. Niliposhtuka, Dafrosa alikuwa mlangoni na bakuli lake la Jumapili. Hakunisalimu. Aliangalia huku na huku kama anayemtafuta mtu. Akasema:

"Kaka, nani anatwanga kama mimi?"

Fideli, mimi ni mzee, nimezika watu, nimefundisha watoto wa watu sala ya saa ya kufa. Neno lile lilinipiga. Alisema "kama mimi". Hajawahi kusema hivyo, wala hakuna aliyewahi kusema hivyo mbele yake.

Nikaonyesha mashine kwa kidole. Akaweka bakuli chini, akaja, akaiwekea mkono wa kushoto juu ya kifuniko, kama anayempima mtoto homa. Akasikiliza muda mrefu.

"Ya nani hii?"

"Ya Fideli."

"Aliona wapi?"

"Anasema mgongoni."

Akakaa kitandani kando yangu. Mashine ikaendelea kutwanga peke yake, sisi tumeketi kama wageni. Baadaye akasema, "Inachelewa kidogo kupanda. Mwambie." Basi nimekuambia.

Nikazima, nikatoa barua zako zote na nakala za zangu, maana mimi huweka nakala, nikamsomea. Sikuruka kitu. Niliposoma habari ya mwaka themanini na tano machozi yalinitoka. Yeye hakulia. Aliponiona nalia mimi, aliniambia maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema:

"Kaka, ulisema kama wengine ili niolewe. Nimeolewa. Nimezaa. Nimemzika Anakleti. Neno lako limekwisha kazi yake, liache lipumzike."

Nikamuuliza kama Anakleti alijua. Akacheka, Fideli. "Alijua wiki ya kwanza. Ile kamba darini nani aliifunga? Mimi nilikuwa nainua mchi kwa mkono mmoja mpaka usiku. Akapanda juu kimya kimya akafunga, akashuka, akaenda shambani. Kamba ni yake. Ya miguu ni yangu."

Alhamisi tulikwenda kwa hakimu, mimi na yeye, na karatasi za Twalibu. Sikuapa mimi peke yangu kama ulivyotaka. Aliapa yeye, mimi nikamfuata. Hakimu ni mama wa makamo, mpole, alikuwa na watu wengi wa kusikiliza. Akampa Biblia bila kumtazama, akasema, "Inua mkono wa kulia, mama."

Dafrosa akainua wa kushoto.

Hakimu akasema tena, "Wa kulia."

Dada yangu akafunua kitenge mwenyewe, mbele ya karani na mbele ya watu wenye kesi zao za ng'ombe. Akasema, "Mheshimiwa, huu wa kulia ndio tuliokuja kuueleza." Hakimu akavua miwani. Akasema, "Basi inua unaokutii, mama."

Hati zimo humu ndani ya bahasha, zina mihuri. Utaona katika yake kuna sentensi kuhusu mlango. Twalibu alikuwa ameandika kwa heshima, "shughuli hiyo ilifanyika faraghani". Yeye alikataa. Akamwambia karani aandike, "Nilifunga mlango ili nisionekane." Karani akaniangalia mimi kama kwamba ninaweza kumzuia. Nikamwambia aandike.

Nampa kondakta leo hii jioni, na nimemwambia safari hii chai anywe mbali nayo.

Mjomba wako,
Egidi


Gerezani, Dar es Salaam
17 Novemba 2024

Mjomba wangu, na Mama, maana najua sasa mnasoma wawili,

Shikamooni. Huku tunamshukuru Mungu. Mtoto anatembea, na alichofanya cha kwanza baada ya kutembea ni kuanguka kwenye ndoo. Mashine sasa haichelewi kupanda. Nilibadilisha springi, na kweli, Mama, kisamvu kimekuwa laini zaidi.

Mkaguzi amejibu. Sitaficha kitu. Ombi letu lina madai mawili. Lile dai la mchi kuning'inia na kupanda wenyewe amelikataa moja kwa moja. Anasema ni jambo linalojulikana zamani sana, duniani kote watu wamening'iniza michi. Kwa hiyo kamba ya Baba imekataliwa. Nilihuzunika kwa ajili yake kuliko kwa ajili yangu, halafu nikafikiri kwamba Baba hakuifunga ili imkubali mkaguzi.

Lakini dai la kinu kuzunguka mchi ukiwa juu, na juu tu, huku mchi ukisugua ukuta, hilo pingamizi ameliondoa. Ameandika kwamba amesoma viapo, kwamba sentensi yangu ya kwanza haikuwa sahihi, na kwamba hakuna katika mashine zile mbili wala katika utwangaji wa kawaida kinachomwelekeza fundi kwenye utulivu ule. Ameuita "muda wa kusimama". Nimeirudia sentensi hiyo hadi Stela akaninyang'anya karatasi.

Sasa kuna la mwisho. Twalibu alisoma kiapo cha Mama akaniita. Akasema, kama wazo la kuzungusha kinu ni la mama yako na si la wanawake wote, basi mvumbuzi siyo wewe. Wewe umelitia kwenye chuma. Ombi lazima lirekebishwe. Mjomba, nilitegemea nitaumia. Mwaka wote nimekuwa nikipigania jina langu. Alipolifuta na kuliandika upya, la kwanza Dafrosa Nahimana, la pili langu, nilihisi kama mtu aliyetua mzigo ambao haukuwa wake.

Mama, ombi lilishapokelewa zamani, kwa hiyo hata watu wakikuona haidhuru tena. Mlango unaweza kuuacha wazi.

Imebaki nafasi moja kwenye fomu. Wanataka kazi ya mvumbuzi. Twalibu alikuwa anaandika "mama wa nyumbani", nikamshika mkono. Nimesema aulizwe mwenyewe.

Mwanenu,
Fideli


Ulyankulu
8 Desemba 2024

Fideli mwanangu,

Marahaba. Mvua zimeanza, nyuki wamechangamka, magoti yamepoa. Mama yako amefurahi kwa habari ya mtoto na ndoo, amesema wewe ulianguka kisimani, kwa hiyo mtoto ana unafuu.

Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa uani kwangu, mbele ya wifi zake wote wawili. Yeye ndiye aliyewaita. Nilitaka kuruka habari ya kiapo, akanikanyaga mguu. Nilipomaliza, wifi yake mkubwa Bernadeta alisogeza kigoda chake karibu na dada yangu. Kisha akasema, "Dafrosa, na sisi tulikuwa tunagonga hodi mlangoni tukidhani hututaki." Hapo ndipo dada yangu alipolia, na wao wakalia naye, na mimi nikaenda kutazama mizinga yangu kwa sababu sikuwa na kazi pale.

Mlango bado anaufunga. Nimemuuliza, amesema ni kwa ajili ya kuku. Tumwache na kuku wake. Ila Ijumaa Bernadeta alikuwa ndani naye, nilizisikia sauti mbili.

Nimemuuliza habari ya kazi. Nilikaa mezani na kalamu, kama ulivyoagiza, yeye akiwa anachambua majani. Hakufikiri sana. Akasema, "Andika: anatwanga."

Nikaandika. Nikashikilia kalamu nikimngoja amalizie, maana sentensi ile tangu mwaka themanini na tano ina maneno matatu. Yeye akaendelea na majani yake. Baadaye akainua macho akaniona bado nangoja.

"Kaka, umeshaandika?"

"Nimeandika."

"Basi funga barua."

Mjomba wako,
Egidi